Miaka Kumi na Minne Kwenye Tangi

Daktari alikuwa binti mdogo, pengine hajafika hata miaka thelathini, na alizungumza bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Alikwisha kusema la figo. Alikwisha kusema kwamba figo ya kushoto ina uvimbe mkubwa kama limau, kwamba uvimbe huo ni kansa, na kwamba umeshatambaa mpaka kwenye mapafu. Rokiah, ambaye nyumbani na kazini wote walimwita Kiah, alikaa katikati ya dada yake Normah na shemeji yake Tarmizi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

"Umewahi kuvuta sigara?" daktari aliuliza.

"Sijawahi."

"Kwenye ukoo kuna mwenye ugonjwa wa figo?"

"Hakuna," Normah alimjibia. "Kwetu sisi watu wanakufa kwa sukari."

"Unafanya kazi gani?"

"Naosha vyuma, kiwandani kule Perai. Mwaka wa kumi na nne huu."

Hapo ndipo daktari alipoinua macho. "Unaosha kwa maji?"

"Kwa dawa. Kuna tangi, dawa inachemka chini yake, sisi tunashusha vikapu vya vyuma ndani ya mvuke. Vikitoka havina hata tone la grisi. Jumamosi tunalimwaga tangi, tunainama ndani kulisugua."

"Hiyo dawa inaitwaje?"

Kiah alimgeukia Tarmizi. Alimgeukia bila wasiwasi wowote, kama mtu anavyofungua kabati lake akijua kitu kilipo. "Shemeji ndiye anayejua. Yeye ndiye msimamizi wetu."

Tarmizi alikuwa na miaka hamsini na tisa, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimalizia kwenye kiwanda kile. Jina la dawa alilijua. Kila mwezi mapipa yalipoteremshwa yeye ndiye aliyetia sahihi, na jina lilikuwa pale pale juu ya mstari wa sahihi. Daktari alimtazama, kalamu mkononi.

"Sisi tunaiita dawa tu, daktari," alisema. "Mambo ya majina yako ofisini."

Daktari akaandika kitu. Kisha akawaeleza, safari hii polepole, kwamba kuna kimiminika cha kuondolea grisi ambacho imethibitika kinaleta kansa ya figo. Hawezi kusema ndicho hicho mpaka apate jina. Lakini mgonjwa ana haki ya kuomba fidia kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na mfuko utataka maelezo ya mwajiri na ya msimamizi aliyekuwa naye kazini.

"Basi hapo hakuna shida," Kiah alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu. "Msimamizi tunakula naye chungu kimoja."

*

Kiah aliishi kwa dada yake tangu mumewe alipomwacha na mtoto wa miaka minane. Mtoto huyo, Faizul, sasa alikuwa dereva wa lori huko Johor na alipiga simu kila Ijumaa. Tarmizi ndiye aliyemtafutia shemeji yake kazi kiwandani. Mwanzo alimweka kitengo cha kufungasha, kazi ya kukaa kwenye kiti na kupanga vyuma kwenye maboksi. Baada ya miezi mitatu akamhamishia kwenye tangi, kwa sababu kwenye tangi kulikuwa na posho ya ringgit hamsini kwa mwezi na watu walikuwa wakiigombania. Ilikuwa hisani. Siku ile Normah alipika rendang ya nyama kumshukuru mumewe, na Kiah alimwekea shemeji yake kipande kinono kuliko vyote.

Jumapili iliyofuata baada ya ile safari ya hospitali, Saraswathy alikuja kumtazama mgonjwa. Saras alikuwa mwenzake Kiah kwenye tangi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Aliegesha pikipiki yake barazani nje, akaingia na mfuko wa machungwa na bagia za dengu ambazo bado zilikuwa za moto.

"Kak Kiah, dada yangu, wamekuacha umelala kama sultani," alisema. "Mimi huko naosha vikapu vyako na vyangu."

"Posho yangu chukua wewe."

"Nimeshachukua. Unadhani nakusubiri?"

Wakacheka. Tarmizi alikuwa nje, anakaza mnyororo wa pikipiki yake, na dirisha lilikuwa wazi. Aliwasikia wakikumbushana mambo ya tangini kama wasichana wanavyokumbushana mambo ya shule. Saras alisema mwaka wake wa kwanza alidhani ana mimba, kwa jinsi kichwa kilivyokuwa kikizunguka kila ikifika saa sita, mpaka mumewe akamnusa siku moja na kumwuliza amekunywa wapi.

"Mimi niliipenda ile harufu," Kiah alisema. "Tamu tamu hivi, kama maji ya pipi. Jumamosi nikiinama mle ndani nilikuwa najisemea, kazi za wengine zinanuka samaki."

Kisha Saras akaja dirishani.

"Encik," akamwita, kama wote kiwandani walivyomwita kumaanisha Bwana, "ni kweli daktari kasema ni dawa ile?"

"Daktari mwenyewe hana uhakika," Tarmizi alijibu bila kuinua kichwa.

"Nauliza kwa sababu na mimi mgongo unaniuma."

"Wako unauma kwa sababu ya kubeba vikapu vya watu wawili."

"Haya," Saras alisema. "Basi nikabebe."

*

Siku ya Jumatano Encik Redzuan, mkuu wa ofisi ya utumishi, alimwita Tarmizi. Kwa miaka thelathini na mmoja Tarmizi alikuwa ameingia chumba kile mara nyingi, na kila mara alisimama. Safari hii aliwekewa kiti, akaulizwa chai au kahawa.

"Shemeji yako anaendeleaje?" Redzuan aliuliza.

"Anapambana."

"Tunamwombea. Sote hapa ni familia." Alisukuma chai mbele yake. "Mfuko umetuletea karatasi. Wanataka kujua alikuwa kitengo gani. Sisi tumefungua faili lake, tumekuta ni mfungashaji. Aliajiriwa mfungashaji, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba alihama."

"Nilimhamisha mimi. Kwa mdomo. Posho yake ilikuwa ikilipwa kama saa za ziada."

"Ndiyo, saa za ziada. Za kufungasha." Redzuan hakuwa mtu mkali. Alikuwa na sura ya mwalimu wa madrasa, na alizungumza kama anayemsomesha mtoto mgumu. "Sikwambii useme uongo, Encik Tarmizi. Nakwambia useme kilichoandikwa. Kilichoandikwa na ulichokumbuka vikigongana, serikali inafuata kilichoandikwa. Utajisumbua bure, na utawasumbua wale wengine wanaotegemea kazi hii. Wewe si unastaafu Machi?"

"Machi, ndiyo."

"Mapema mno kwa mtu kama wewe. Nimewaambia wakubwa tukupe mkataba wa miaka miwili, usimamizi wa zamu zote. Wamekubali. Nilitaka nikupe habari hiyo mwenyewe."

Karatasi mbili zilikuwa mezani, ya mfuko na ya mkataba, na hakuna aliyesema kwamba moja ilikuwa bei ya nyingine. Tarmizi hakuwa anaogopa njaa. Nyumba ilikuwa yake, watoto wake wawili walishajitegemea. Alichoogopa ni kile alichokiona kwa wenzake waliotangulia: kukaa barazani saa mbili asubuhi ukiwa umevaa shati safi, na hakuna anayekuita Encik. Alijiambia kwamba Kiah atakufa akiwa na fidia au bila fidia. Alijiambia kwamba yeye mwenyewe atamtunza, tena vizuri kuliko mfuko wowote. Mambo hayo yote aliyapanga kichwani kabla chai haijapoa, akaandika: Mfanyakazi aliyetajwa alikuwa kitengo cha kufungasha kwa muda wote. Akatia sahihi.

Njiani kurudi nyumbani alipitia duka la vifaa vya umeme akanunua feni kubwa ya kusimama kwa ajili ya chumba cha Kiah. Kiah aliijaribu akiwa amelala, akibonyeza rimoti, feni ikigeuka kulia na kushoto.

"Shemeji umenifanya bibi harusi," alisema.

*

Barua ya mfuko ilikuja baada ya wiki saba, Jumamosi saa saba mchana. Walikuwa mezani. Kiah siku ile alijisikia nafuu akatoka chumbani kula nao, ingawa alichokula ni uji wa mchele na kipande cha samaki mkavu. Miwani yake aliiacha kitandani, kwa hiyo akampa dada yake barua asome.

Normah alikuwa amesoma mpaka darasa la sita, na alisoma barua za serikali kwa sauti ya kughani, bila kupumua mpaka mwisho wa mstari. Alisoma salamu, akasoma nambari ya ombi. Alisoma kwamba mfuko umepitia ombi la Puan Rokiah binti Saad na unasikitika kumjulisha kwamba halikukubaliwa. "Kwa mujibu wa kumbukumbu za mwajiri," alisoma, "na kwa mujibu wa maelezo yaliyotiwa sahihi na msimamizi wake, Encik Tarmizi bin..."

Akaishusha barua.

Tarmizi alikuwa ameshika tonge. Hakulitia kinywani, na hakulirudisha kwenye sahani.

"Endelea, dada," Kiah alisema.

"Nitaendelea baadaye."

"Soma. Ni barua yangu."

Normah akasoma iliyobaki, na safari hii hakughani. Alipofika kwenye neno kufungasha alilitamka kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza. Kisha akaikunja barua katika mikunjo yake ile ile na kuiweka kando ya bakuli la mchuzi.

"Bang Mizi," alisema. "Miaka kumi na minne nafua sare zenu. Zako na zake, beseni moja. Za kwake nilikuwa naziloweka peke yake kwanza kwa sababu zinaniumiza kichwa. Mfungashaji gani ananuka vile?"

"Faili ndilo linasema hivyo."

"Sikuuliza faili."

"Walisema..." Tarmizi alianza, akaona kwamba chochote atakachosema kitaanzia kwenye neno lile, walisema, na akaacha. Kiah alikuwa anamtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na ile sura ya mtu aliyeitwa jina lake barabarani, akageuka, akakuta anayeitwa ni mwingine.

"Walikupa nini, shemeji?" aliuliza.

Akamwambia. Miaka miwili.

Kiah alitikisa kichwa kidogo, kama anayepima kitu sokoni. "Miwili," alisema. "Mimi daktari kanipa miezi." Kisha akaomba asaidiwe kurudi chumbani, na aliponyanyuka hakuuegemea mkono ambao Tarmizi alimnyooshea. Aliegemea meza.

*

Kuanzia siku ile Normah alihamishia mto wake chumbani kwa mdogo wake. Hakugombana. Alipika, alifua, alimwekea mumewe chakula mezani na kukifunika kwa kawa. Lakini jina la mumewe lilitoweka kinywani mwake. Akimtaka kitu alisema, "Mwambieni mfungashaji gesi imekwisha," hata kama chumbani hamna mwingine wa kuambiwa. Majirani wakisikia walidhani ni utani wa wazee.

Kiah hakuondoka. Wapo waliotarajia aende kwa mwanawe Johor, lakini Faizul aliishi kwenye chumba cha kupanga na wenzake watatu, na hospitali ilikuwa hapa. Akabaki kwenye nyumba ya mtu yule, akila mchele wake, akipozwa na feni yake. Hilo ndilo lililokuwa zito. Tarmizi akipita mbele ya mlango wa chumba alikuwa akisikia mazungumzo yakikatika, na akishapita yanaendelea.

Alivumilia siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili aliomba ruhusa kazini akisema anakwenda kliniki, akaenda ofisi za mfuko, ghorofa ya pili, akachukua namba na kukaa. Kulikuwa na watu zaidi ya thelathini. Alipoitwa dirishani alieleza kwa sauti ya chini kwamba anataka kubadilisha maelezo aliyoyatoa.

Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. "Sema kwa nguvu, pakcik, mzee wangu. Hiki kioo kinene."

"Nataka kubadilisha maelezo yangu."

"Yana kosa gani?"

"Niliandika alikuwa kufungasha. Alikuwa kwenye tangi la kuoshea."

Afisa akalivuta faili kwenye kompyuta, akasoma, akaivua miwani. "Hapa umetia sahihi kwamba unathibitisha ni kweli. Sasa unatia sahihi kwamba nyingine ndiyo kweli. Mimi nitamwambiaje bosi wangu ipi ni ipi?"

"Ya leo."

"Na ile ya kwanza ilikuwa nini? Kuna sehemu ya sababu hapa. Siwezi kuiacha tupu." Alipitisha fomu chini ya kioo. "Usiandike umesahau. Waliosahau tunawarudisha."

Mtu wa nyuma yake kwenye foleni alisogea mbele kidogo, kwa namna watu wanavyosogea wakisikia jambo. Tarmizi akaandika: Nilisema uongo. Chini yake palikuwa na nafasi ya kutaja kemikali iliyotumika, ikiwa inajulikana. Aliandika jina lile refu la Kizungu, trikloroethilini, herufi moja moja, bila kufuta hata moja.

Afisa akalisoma. "Unalijua vizuri," alisema.

Habari hufika kiwandani kwa njia ambayo hakuna anayeijua. Baada ya juma moja kadi ya Tarmizi ilikataa kufungua geti la wafanyakazi. Mlinzi, kijana wa Kinepali aliyekuwa akimsalimia kila asubuhi kwa kumpigia saluti, alipiga simu ofisini, akasikiliza, kisha akasema kwamba Encik anaambiwa amalizie likizo zake mpaka Machi. Vitu vyake vya kabatini ataletewa. Wafanyakazi wa zamu walikuwa wakipita, kila mmoja akigusisha kadi yake na kuingia. Wengine walimwamkia. Wengi waliangalia simu zao.

*

Alimwambia Kiah mchana, Normah akiwa jikoni. Kiah sasa hakuwa akikaa. Mwili ulikuwa umepukutika, ukabaki uso wenye macho makubwa na ile mikono yake, ambayo ngozi yake tangu zamani ilikuwa kavu na yenye kupasuka kama udongo wa shambani Agosti. Aliambiwa kwamba maelezo yamebadilishwa, kwamba mfuko utafungua faili upya, kwamba mkataba haupo tena.

"Vizuri," alisema.

Tarmizi angeweza kuondoka hapo. Alikwisha kusimama. Lakini alikaa tena kwenye kigoda.

"Kuna jingine."

Kiah akasubiri.

"Mwaka elfu mbili kumi na tatu alikuja mkaguzi wa serikali. Wiki moja kabla, mapipa yaliletwa na karatasi ya maelezo, kwa lugha yetu. Kabla ya hapo zilikuwa zinakuja za Kiingereza tu, na mimi sikujisumbua. Ile niliisoma. Iliandikwa kansa. Iliandikwa na figo. Nikampelekea mkuu wa uzalishaji wa wakati ule, akaniambia nibandue lebo zote na mapipa tuyafunike nyuma ya stoo. Nilibandua mwenyewe, kwa kisu cha kukwangulia rangi. Na ili mkaguzi asikute mtu tangini..."

"Ukatupa nusu siku," Kiah alisema.

"Nikawapa nusu siku."

"Yenye malipo."

"Ndiyo."

Kiah alifumba macho. Jikoni Normah alikuwa ameacha kukatakata.

"Nilikwenda kumchukua Faizul shuleni mapema," Kiah alisema. "Mwalimu aliuliza kuna msiba, nikamwambia hapana, shemeji yangu katupa likizo. Tukapanda feri kwenda kisiwani na kurudi, mara mbili, hatuendi popote, tunazunguka tu. Nikamnunulia kuku wa kukaanga. Jioni kwenye sala nilikuombea, unajua? Kwa jina lako. Nilisema, Mwenyezi Mungu, huyu mtu mzidishie."

Tarmizi alilia, na hakujua kulia vizuri. Alitoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa.

"Nisamehe, Kiah."

"Usiniombe leo. Leo nikikwambia nimekusamehe, nitakuwa nimesema ili utoke nilale. Njoo siku nyingine."

Ilikuwa Jumatatu. Jumatano usiku maumivu yalizidi wakampeleka hospitali, wakaanza kumchoma sindano za kutuliza, na kuanzia hapo Kiah alikuwa akimwita kila anayeingia kwa jina la mwanawe. Tarmizi alikuja kila siku, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda na kusubiri nafasi ambayo angeweza kuuliza tena. Mara moja Kiah alifungua macho akamtazama sana. "Umekula?" alimwuliza. Tarmizi akasema amekula. Hakujua kama swali lile lilikuwa lake au la Faizul, na hakuthubutu kuuliza lake.

Kiah alifariki Alhamisi ya pili ya Novemba, saa nne asubuhi. Siku ya mazishi mvua ilikuwa imeshanyesha na udongo ulikuwa unateleza. Walipolinyanyua jeneza Tarmizi alikwenda kushika upande wa mbele, kama ilivyompasa mtu wa nyumba ile. Faizul akaja nyuma yake, akamgusa bega.

"Nipishe hapo, pakcik," alisema kwa adabu kabisa. Tarmizi akampisha, akatembea nyuma pamoja na majirani.

*

Ombi lilikubaliwa Februari. Fedha zilikwenda kwa Faizul, na Faizul alitoa sehemu ya kumsomea mama yake hitima. Iliyobaki hakuna aliyemwuliza aliifanyia nini. Kiwanda kilitoa barua ya kusema kinaheshimu uamuzi wa mfuko. Normah alirudisha mto wake chumbani kwa mumewe, kwa sababu chumba kile kingine hakuweza kulala peke yake. Akaanza tena kumwita Bang Mizi, ila si mara kwa mara.

Mwanzoni mwa Machi yule afisa mwenye miwani ya kuning'inia alikuja nyumbani. Mfuko ulitaka kuwapima wote waliowahi kufanya kazi tangini, alisema, lakini kiwanda kinadai kwamba hakina orodha, na kwenye mafaili kila mtu ni mfungashaji. Labda Encik anawakumbuka. Tarmizi akawakumbuka. Alikaa barazani, amevaa shati safi, akataja majina ya watu kumi na saba na miaka yao. Wawili walikwisha kufa. Mmoja alikufa kwa figo, na wakati ule watu walisema ni pombe.

Wanne waliokuwa bado kazini walikuja wenyewe siku iliyofuata, baada ya zamu, kujaza fomu zao mbele ya afisa. Normah aliwapa chai na vitumbua vya ndizi. Saras alikuja wa mwisho. Hakuwa na utani siku ile. Alisoma fomu yake yote, mbele na nyuma, kidole kikifuata mistari, kisha akaiweka mezani na kumgeukia Tarmizi.

"Kak Kiah aliniambia habari za lebo, siku moja kabla ya kupelekwa hospitali," alisema. "Ila mwaka hakunitajia. Ulijua mwaka gani, Encik?"

Afisa akaacha kuandika. Tarmizi alimtazama Normah, na Normah hakumsaidia.

"Elfu mbili kumi na tatu."

Saras aliinamisha kichwa, midomo ikichezacheza kidogo, kama anayehesabu. Haikuwa hesabu ndefu.

"Mimi niliajiriwa elfu mbili kumi na nne," alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha kuinama."

Akachukua kalamu, akaivuta fomu karibu, na pale palipoulizwa jina la msimamizi akaandika jina la Tarmizi.